Barua ya wazi kwa wakuu wa televisheni: mbuzi wetu bado yuko stoo

Waheshimiwa wakurugenzi, mameneja wa vipindi, na ninyi mnaotoa leseni za utangazaji,

Shikamooni mlio wakubwa kwangu, na wengine habari za kazi.

Kabla hamjaendelea kusoma, naomba mwinue mkono wa kulia. Unyoosheni juu mpaka uguse sikio. Sasa kunjeni kiganja kama mdomo wa bata, mkifungue na kukifumba kwa kila silabi mnayotamka. Kidole kidogo cha mwisho kiacheni kifanye kazi yake peke yake, kivute na kuachia, maana hicho ndicho kinachosogeza kope. Kaeni hivyo dakika 5. Msiushushe. Katibu muhtasi akiingia mwambieni mko kwenye mazoezi.

Kuna mtu aliyefanya kazi katika mkao huo tangu 1969 hadi 2015, alipokuwa na miaka 81. Aliitwa Caroll Spinney. Wengi wenu mmewahi kumwona bila kujua kwamba mnamwona: ndiye aliyekuwa ndani ya Big Bird, yule ndege mkubwa wa njano wa Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto cha Marekani, na ndiye aliyekuwa chini ya Oscar, yule mnuna anayeishi ndani ya pipa la taka. Alifariki tarehe 8 Desemba 2019, siku chache kabla ya kutimiza miaka 86. Nimekuwa nikisoma habari zake na kutazama kazi zake kwa miaka mingi, kwa sababu mimi pia ni mchezesha vikaragosi, na kila nikimfikiria narudi kwenye jambo lile lile ambalo nataka kuwaambia ninyi. Alipewa muda. Sisi mnatupa mradi.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu nimegundua wengi mnaotusainia malipo hamjawahi kuingia studio tukiwa kazini. Big Bird ana urefu wa futi 8 na inchi 2. Amevaa manyoya 4,000 hivi ya bata mzinga yaliyotiwa rangi ya njano. Kichwa chake, chenye uzito wa karibu kilo 2, kilibebwa na mkono wa kulia wa Spinney ulionyooshwa juu, ule ule mlioshindwa kuubakiza hewani dakika 5. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya bawa la kushoto. Bawa la kulia halikuwa na mtu. Lilijazwa tu, likafungwa uzi wa mshipi wa kuvulia uliopita shingoni hadi kwenye mkono wa kushoto, ili huu ukishuka, lile lipande. Mkitazama tena mtaona: mabawa yale husogea kama mizani.

Na humo ndani hakukuwa na dirisha. Spinney alikuwa haoni nje hata kidogo. Kifuani alijifunga skrini ndogo iliyomwonyesha kile kamera inachokiona, na kurasa za maneno yake alizibandika mle mle ndani ya vazi. Kwa hiyo alitembea, alicheza dansi, alipita katikati ya watoto wasiojua kusimama mahali pamoja, huku akijitazama kutoka nje kama mtu mwingine. Na picha hiyo si kama kioo. Ukienda kulia, kwenye skrini unakwenda kushoto. Mimi ilinichukua miezi kadhaa kuacha kugongana na meza. Siku za mwanzo nilikuwa nikimwelekezea mtoto mgongo wa kikaragosi changu cha mbuzi badala ya uso, mpaka mpiga picha akaniuliza kama nina ugomvi na watoto.

Spinney alizaliwa Waltham, Massachusetts, tarehe 26 Desemba 1933. Alipokuwa na miaka 8 alinunua kikaragosi cha nyani kwa senti 5 kwenye mnada wa vitu vikuukuu, akakiongezea nyoka wa kitambaa cha kijani, akafanya onyesho. Watazamaji 16, kiingilio senti 2 kila mmoja. Akapata senti 32. Mama yake hakumwambia aache upuuzi akasome. Alimtengenezea jukwaa dogo. Hesabu ya senti 32 naipenda kwa sababu inaonyesha kwamba tangu mwanzo alilipwa. Kidogo, lakini alilipwa.

Baada ya hapo alipita jeshi la anga, akafanya kipindi kidogo Las Vegas katikati ya miaka ya 1950, kisha akarudi Boston na kukaa miaka mingi katika kipindi cha mzaha cha Bozo, akicheza wahusika hawa na wale. Sitakaa sana hapo. Ilikuwa kazi ya kulisha familia, na nadhani kila msanii anaijua: unachekesha kuanzia saa kumi jioni, unarudi nyumbani ukijiuliza kama hicho ndicho ulichozaliwa kufanya.

Kilichobadilisha maisha yake ni onyesho lililoharibika. Mwaka 1969, kwenye tamasha la wachezesha vikaragosi huko Utah, alikuwa ameandaa onyesho la kuchanganya vikaragosi na filamu iliyorushwa nyuma yake kwenye pazia. Taa moja kubwa ikaelekezwa kwenye pazia. Filamu ikapotea, akabaki anababaika mbele ya watu wa fani yake mwenyewe. Nyuma ya jukwaa akafuatwa na Jim Henson, mwundaji wa vikaragosi vya Muppets, ambaye tayari alikuwa na jina, akamwambia kwamba alipenda kile alichokuwa akijaribu kukifanya. Zingatieni, waheshimiwa. Onyesho lilikuwa bovu na Henson aliliona likiwa bovu. Alichokiona zaidi ya ubovu ni mtu, naye akamchukua mtu.

Ofisi zenu zinachukua nini? Zinachukua pendekezo lenye kurasa 40, jedwali la viashiria na barua ya mfadhili. Nimeandika mapendekezo hayo, nayajua. Kwenye kurasa 40 hizo hakuna hata mstari unaouliza ni nani atakayeingiza mkono ndani ya kikaragosi na kama mkono huo unajua kazi.

Mnaweza kusema Henson alikuwa na fedha. Kweli, kipindi chenyewe kilianza na dola milioni 8, zilizotoka kwa serikali ya Marekani na kwa mashirika kama Carnegie na Ford. Waanzilishi wa kipindi, Joan Ganz Cooney na mwenzake Lloyd Morrisett, walizitafuta kwa nguvu. Lakini fedha hizo karibu zipotee bure, na aliyeziokoa ni kikaragosi. Wataalamu wa saikolojia ya watoto walikuwa wameshauri kwamba vikaragosi visichanganywe na watu kwenye mtaa wa kuigiza wa kipindi, eti mtoto atachanganyikiwa kati ya kweli na ndoto. Julai 1969 wakajaribisha vipindi 5 mbele ya watoto wa Philadelphia. Vikaragosi vikiwapo, macho yote kwenye skrini. Watu wazima wakibaki peke yao mtaani wakizungumza, watoto wakageukia mambo yao. Zikabaki kama wiki 16 kabla ya kipindi kuanza. Wakaamua kukaidi ushauri, wakaunda viumbe wawili wa kuishi mtaani pamoja na watu: ndege mrefu kupita kiasi na mnuna wa pipani. Wote wawili akapewa Spinney. Tarehe 10 Novemba 1969 kipindi kikaenda hewani.

Sauti ya Oscar aliipata kwenye teksi. Asubuhi ya kwenda kumsikilizisha Henson hakuwa nayo bado. Dereva, mtu wa Bronx mwenye sauti ya kukwaruza, akamuuliza kwa ukali anakwenda wapi. Spinney akaikariri sauti hiyo njia nzima, akafika nayo studio. Sisi wa Dar es Salaam tunaielewa hadithi hii vizuri kuliko Wamarekani, maana makonda wetu wangetosha kumpa sauti kila kikaragosi duniani.

Msidhani mambo yakawa mazuri mara moja. Mwaka wa kwanza Spinney karibu aache. Malipo hayakutosha kuishi New York, na alihisi hafanyi vizuri. Alimwambia Kermit Love, fundi aliyelishona lile vazi la manyoya, kwamba anaondoka, na Love akamsihi avumilie mwezi mmoja zaidi. Mwezi huo mmoja ukazaa karibu miaka 50.

Na Big Bird tunayemjua hakuwapo mwaka ule. Mwanzoni aliandikwa kama bwege wa shamba, mtu mzima mzito wa akili, wa kuchekwa. Spinney ndiye aliyewaendea waandishi na kuwaambia kwamba hapana, huyu ni mtoto. Hajui kwa sababu bado anajifunza. Wakamsikiliza. Tangu hapo Big Bird akawa mtoto wa miaka 6 hivi, mwenye maswali yote ya mtoto wa miaka 6 na aibu zote za kukosea herufi. Swali langu kwenu ni dogo: kama mngekuwa mmemwajiri kwa vipindi 13, angelijua hilo lini? Na angemwambia nani, na mkataba umekwisha?

Sasa niseme habari ya kwetu. Msinielewe vibaya, si kwamba hatuna historia. Wenye umri wangu tulilelewa na Mama na Mwana ya Radio Tanzania, na sauti ya Deborah Mwenda ilituingia kichwani kama sauti ya shangazi. Hapakuwa na picha wala kikaragosi, palikuwa na mtu mmoja aliyeachwa akae na watoto mwaka baada ya mwaka mpaka akajua wanashtuka wapi na wanacheka wapi. Tukisikia muziki wa kipindi tuliacha mpira uwanjani. Wakubwa wa wakati ule hawakuwa na jedwali la viashiria, lakini jambo hili walilielewa.

Nairobi, tangu katikati ya miaka ya 1990, kulikuwa na kundi la Community Health Awareness Puppeteers lililozunguka masokoni na vijijini kuzungumza habari za UKIMWI kwa vikaragosi, maana kikaragosi husema mbele ya wazee lile ambalo binti wa miaka 17 angepigwa kwa kulisema. Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu, mchora katuni Gado, akaanzisha hapo hapo Nairobi kipindi cha The XYZ Show, chenye vikaragosi vya mpira vya wanasiasa wenye mashavu makubwa, na Kenya nzima ikacheka. Kwa hiyo mafundi wapo. Wachongaji wapo, washonaji wapo, wenye sauti wapo. Ila tulipopata vikaragosi vizuri tulivipeleka kwa watu wazima wajadili uchaguzi. Watoto tukawawekea katuni za kununua kwa jumla, zilizotafsiriwa na mtu mmoja anayefanya sauti ya baba, ya mama na ya mbwa.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kilimani Sesame, toleo la Tanzania la Sesame Street, ilitufikia, na Kami, yule kikaragosi wa Afrika Kusini anayeishi na virusi vya UKIMWI, akawa pia wa kwetu. Watoto walifundishwa herufi, hesabu, usafi na chandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliokitazama na kukisikiliza zaidi walijua zaidi. Muulizeni leo mtoto wa miaka 5 pale Temeke kama anamjua Kami. Katuni za Ubongo Kids ziliingia 2014, na za Akili baadaye, na waliozitengeneza nawavulia kofia kabisa. Wametuthibitishia kwamba mtoto wa Kiswahili anataka kuongeleshwa kwa Kiswahili chake. Lakini ile ni michoro ya kompyuta. Kikaragosi ni kitu kingine. Mtoto anakigusa, kinamjibu papo hapo, kinamuuliza jina lake na kulikosea kwa makusudi ili amsahihishe.

Nami nimewahi kuwa na kikaragosi changu. Kituo sikitaji, wenyewe watajijua. Alikuwa mbuzi. Nilimkata kwa sponji ya godoro, nikamshonea ngozi kwa kitambaa cha blanketi, macho vifungo viwili vya koti la marehemu babu yangu. Alikuwa mbuzi mwenye kiburi na mwoga wa mvua. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, Jumamosi asubuhi, kwa fedha za mfadhili, na nililipwa kwa kila kipindi kinachorushwa, si kwa kila siku ninayofanya kazi. Mazoezi yalikuwa bure. Bega lilipovimba nilikwenda hospitali kwa fedha zangu. Mwishoni mwa kipindi majina yalipita: mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha, mfadhili, tena mfadhili. Langu halikuwamo. Nilipouliza niliambiwa watoto wasijue kuna mtu.

Hoja hiyo nimeifikiria sana, maana ina ukweli ndani yake. Spinney mwenyewe alipita mitaani bila kutambuliwa wakati ndege wake akipewa nyota Hollywood mwaka 1994 na kuitwa gwiji hai na maktaba ya taifa ya Marekani mwaka 2000. Lakini jina lake lilikuwapo kwenye orodha ya mwisho wa kipindi. Mtoto wa miaka 4 hasomi orodha ile. Anayeisoma ni benki, mwenye nyumba, na kijana wa miaka 19 anayetafuta kazi ya kufanya maishani.

Jioni moja nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, imejaa, nikapaza sauti: "Konda, shusha kituoni!" Mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mama yake akageuka ghafla akaniangalia, kisha akamwambia mama yake, "Mbuzi!" Mama akaona aibu, akaniomba radhi, akidhani mwanawe ananitukana. Nilishuka nikasimama pale kituoni kwa muda. Huo ndio mshahara mkubwa niliowahi kulipwa, na nilikuwa nimebakiza vipindi 3.

Vipindi 26 vikaisha. Mfadhili akahamia kwenye jambo jingine, nadhani ilikuwa kilimo. Mbuzi akaandikwa kwenye daftari la mali ya mradi, akapewa namba, akafungiwa stoo.

Kuna kitu kimoja ambacho mradi hauwezi kabisa, nami nitakieleza kwa habari ya Bwana Hooper. Hooper alikuwa mzee mwenye duka kwenye Sesame Street, akichezwa na Will Lee, na Big Bird siku zote alikosea jina lake. Lee akafariki Desemba 1982. Watayarishaji wangeweza kusema mzee amestaafu na kuhamia Florida, na walilifikiria hilo. Badala yake wakakaa na wataalamu, wakaandika kipindi kilichorushwa tarehe 24 Novemba 1983, siku ya mapumziko ya Wamarekani, makusudi ili wazazi wawe nyumbani watoto wakiuliza. Big Bird amechora picha za marafiki zake wote na anazigawa, kisha anamtafuta Bwana Hooper ampe yake. Wanamwambia kwamba amekufa. Anasema basi atampa akirudi. Wanamwambia hatarudi. Anauliza kwa nini iwe hivyo, na wale watu wazima hawana jibu isipokuwa kwamba ndivyo inavyokuwa. Machozi yao yalikuwa ya kweli. Walikuwa wanamlilia mwenzao. Na zile picha Spinney alizichora kwa mkono wake mwenyewe.

Kwetu mzee akifa, mtoto hupelekwa kwa jirani. Anaambiwa babu amesafiri. Akiuliza atarudi lini anapewa pipi. Sisemi hivi kwa dharau. Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikamsubiri babu mpaka nilipoanza shule. Televisheni ingeweza kutusaidia hapo. Lakini kikaragosi anayekuja kumwambia mtoto habari ya kifo lazima awe ameshakaa na mtoto huyo miaka, amekula naye, amekosea hesabu naye. Big Bird alikuwa na miaka 14 hewani alipopewa kazi ile. Mbuzi wangu alikuwa na miezi 6. Mngenipa kipindi hicho ningekikataa.

Spinney alipewa pia wajibu ambao hakuna mkataba ungeuandika. Henson alipofariki ghafla Mei 1990, akiwa na miaka 53, ibada ilifanyika katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane jijini New York, na Big Bird akaingia peke yake mbele ya umati akaimba wimbo wa Kermit, kikaragosi cha chura cha Henson. Mwishoni akamshukuru Kermit. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Kitaalamu naangalia kichwa: hakitetemeki. Humo ndani kuna mtu wa miaka 56, mkono juu, haoni kitu, analia pengine, na ndege amesimama wima.

Spinney alikaribia pia kufa angani. NASA iliwahi kuzungumza naye kuhusu kumpeleka Big Bird kwenye chombo cha anga ili watoto wavutiwe na sayansi. Umbo likaonekana kubwa mno, mpango ukaachwa, na baadaye akapelekwa mwalimu, Christa McAuliffe, aliyekuwa ndani ya Challenger ilipolipuka tarehe 28 Januari 1986. NASA yenyewe ilithibitisha kwamba mazungumzo yalikuwapo.

Msije mkasema namsifia Mzungu na nchi yake kana kwamba kwao ni peponi. Mwaka 2012 mgombea urais Mitt Romney alisimama kwenye mdahalo akasema anampenda Big Bird lakini ataacha kukipa ruzuku kituo kinachomrusha. Mwaka 2025 bunge lao lilifuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, na shirika lililozigawa likatangaza kufunga milango. Kwa hiyo hata kule wakubwa ni wakubwa. Tofauti ni kwamba kule, kabla mkasi haujafika, mtu alikuwa ameshafanya kazi karibu miaka 50, na alikuwa ameshamfundisha mwingine.

Hili la kumfundisha mwingine ndilo linaloniuma zaidi kuliko mengine yote. Matt Vogel aliwekwa kando ya Spinney tangu miaka ya 1990. Alijifunza kubeba kichwa, kutembea, kupumua ndani ya manyoya, na alikuwa akicheza pale mzee alipohitaji kupumzika. Mwaka 2015 usawa wa mwili ulipoanza kumsumbua Spinney, Vogel akaingia ndani ya vazi na mzee akabaki kutoa sauti. Oktoba 2018 Spinney akaaga kabisa. Vogel akamrithi kwa Big Bird, Eric Jacobson kwa Oscar. Watoto wengi hawakujua kitu. Karibu miaka 20 ya uanagenzi kwa ndege mmoja! Fundi seremala wa Keko anaelewa hesabu hiyo, nahodha wa jahazi anaielewa. Ninyi mliniuliza kama naweza kumfundisha kijana "kwenye semina ya siku 2, pamoja na chakula cha mchana".

Ninachowaomba ni hiki. Kila kituo chenye kipindi cha watoto kiajiri mchezesha kikaragosi mmoja, kwa mshahara wa mwezi, kama mnavyomwajiri msomaji wa habari. Mmoja tu. Mpeni miaka 5 ya kwanza bila kumuuliza kama mfadhili yupo. Mwekeeni kijana pembeni anayelipwa na anayejifunza. Mkatieni bima ya afya, maana mabega yetu huisha. Jina lake liandikwe. Mkifanya mkutano wa waandishi, awemo, kwa sababu yeye ndiye anayejua mbuzi anaogopa nini. Nanyi mnaotoa leseni: mnapohesabu saa za vipindi vya watoto, hesabuni pia ni saa ngapi zimefanywa hapa, na watu waliopo hapa, wanaoweza kukutwa kwenye daladala.

Najua gharama. Mshahara wa mtu mmoja kwa mwaka hauzidi bei ya gari mnalompangishia mgeni wa tathmini. Nimeyaona makaratasi, yaliachwa kwenye mashine ya fotokopi.

Halafu kuna suala la mbuzi. Yuko kwenye stoo ya mmoja wenu, juu ya kabati la nyaya, upande wa kushoto ukiingia. Mlinzi aliniambia panya wameanza sikio. Kama hamna kazi naye, nipeni. Nitasaini daftari, namba yake naikumbuka. Sponji nitabadilisha yote, ile ya kwanza ilikuwa ya godoro la bei rahisi na ilikuwa inabonyea shavuni. Vifungo vya macho msivitupe. Nitapita Jumatatu saa tatu asubuhi.

Mchezesha vikaragosi,
Dar es Salaam